Picha Bila Isnadi

 Juma hili twaomba ruhusa yenu tutoke kidogo katika mambo ya mitaa yetu, tuwachukue hadi miji na vijiji vya Uingereza, Scotland na Wales. Hatuendi kutalii. Twataka kuzungumza juu ya picha za kale za huko na kumbukumbu za watu waliokaa humo, kwani jambo hilo limeingia ndani ya nyumba yetu wenyewe, na hatudhani kuwa limeingia yetu peke yake.

Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa tangu udogoni kwamba kauli haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani. Mlolongo huo ndio uitwao isnadi. Kila tunapozitazama picha za kale twaona kuwa nazo zahitaji isnadi yake. Picha yakuonyesha uso, koti na ukuta. Haikwambii mwenye uso ni nani, koti lilikuwa lake au la kuazima, wala nyuma ya ukuta ule walilala wangapi. Hayo yamo vifuani mwa watu, na watu hufa.

Habari ya picha hizo yaanzia kijijini. Mwaka 1835, katika kijiji cha Lacock, kusini-magharibi mwa Uingereza, bwana aitwaye William Henry Fox Talbot alinasa sura ya dirisha la nyumba yake juu ya kipande cha karatasi kilichopakwa dawa. Kipande hicho, kidogo kama stempu ya posta, ndicho negativu ya kale kabisa iliyosalia. Miaka 25 baadaye, yaani 1860, Francis Frith, mzaliwa wa Chesterfield, alifungua kampuni ya picha katika mji wa Reigate. Kabla ya hapo alikuwa mfanyabiashara Liverpool, kisha akazuru Misri, Palestina na Sham akiwa na kamera zake. Siku hizo kazi ya picha ilikuwa mashaka: mpiga picha alipaka dawa juu ya kioo, akakitia ndani ya kamera na kukiosha kingali kibichi, yote hayo akitumia hema la giza, na katika joto la Misri dawa ile ilikuwa ikitokota. Frith alirudi kwao na azma kubwa, nayo ni kupata picha ya kila mji na kila kijiji cha nchi yake. Alifariki mwaka 1898, lakini kampuni yake iliendelea na kazi hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na picha zake zikauzwa madukani kama postikadi.

Hazina hiyo ni kubwa, nasi hatuidharau. Hata hivyo mwenye kuuza postikadi hana budi kuchagua. Aghalabu mnunuzi hutaka kanisa, daraja la mawe na barabara kuu iliyofagiwa. Kichochoro cha nyuma, anakoanika nguo mke wa mchimba makaa, hakina soko kubwa. Kwa hiyo waweza kuwa na picha mia za mji mmoja, na bado usijue waliouishi mji huo waliishi vipi.

Hata pale mpiga picha alipotumwa kwenye vichochoro, majina hayakufuata. Mji wa Glasgow, huko Scotland, ulipata sheria ya kubomoa mitaa yake mikongwe mwaka 1866. Kati ya 1868 na 1871 Thomas Annan alikwenda kuipiga picha mitaa hiyo kabla ya nyundo kufika. Picha zake ni maarufu hadi leo. Kuta zimetoka wazi hata waweza kuhesabu mawe. Watu waliotulia wameonekana, lakini kwa kuwa kamera ya siku hizo ilihitaji muda kunasa sura, watoto waliosogea wamekuwa kama moshi. Na chini ya picha pameandikwa nini? Jina la barabara na nambari ya kichochoro. Nambari imehifadhiwa, mtoto amepotea.

Sasa tuwatazame waliopoteza mahali penyewe. Kijiji cha Derwent, katika jimbo la Derbyshire, kilizamishwa miaka ya 1940 chini ya bwawa la Ladybower ili miji ya jirani ipate maji. Maiti walifukuliwa katika uwanja wa kanisa, wakazikwa upya kijiji cha Bamford. Mnara wa kanisa uliachwa ukichungulia juu ya maji, hata ukalipuliwa kwa baruti mwaka 1947. Kiangazi kinapozidi, kama ilivyokuwa mwaka 2018, maji hupungua na mawe ya nyumba zile huonekana, na watu humiminika kutazama. Mgeni huona rundo la mawe. Aliyezaliwa pale ndiye anayeweza kusema: hili lilikuwa jiko la shangazi.

Kijiji cha Tyneham, katika jimbo la Dorset, nacho kilichukuliwa na jeshi mnamo Desemba 1943 kiwe uwanja wa mazoezi ya vita. Wakazi, takriban 225, waliondoka wakabandika karatasi mlangoni mwa kanisa, wakiwaomba askari walitunze kanisa na nyumba zao kwa kuwa wangerejea siku moja. Hawakurudishwa. Lakini atembeaye leo katika magofu yale hukuta mabao yenye picha za familia zilizokaa humo, na majina yao. Kuta hazina mapaa, ilhali nyumba zina wenyewe. Tofauti ya Tyneham na vichochoro vya Glasgow ni hiyo tu: hapa walibaki watu wa kuulizwa, na akatokea mwenye kuuliza.

Wasomaji watatuuliza: haya yatuhusu nini sisi wa pwani? Twendeni basi Cardiff, mji wa bandari ulioko Wales. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Cardiff ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za makaa ya mawe duniani, na meli za moshi zilihitaji watu wa kuchochea tanuri. Wakaja Wayemeni, Wasomali, watu wa Afrika Magharibi, wa visiwa vya Karibi na wa Malta, wakapanga nyumba katika mtaa wa Butetown, uliojulikana zaidi kwa jina la Tiger Bay. Wengi walioa huko huko. Katika miaka ya 1930 Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi, mtu wa Yemen, aliwakusanya mabaharia wa Kiislamu katika zawia, kwanza South Shields, kisha Cardiff. Msikiti wao wa Peel Street ulipigwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, nao wakaujenga tena.

Magazeti yalikuwa yakiueleza mtaa huo kama pango la maovu. Mwaka 1950 Bert Hardy, mpiga picha wa jarida la Picture Post, aliingia humo na kutoka na sura za watu wa kawaida, watoto wakicheza na wazee wakizungumza. Zilikuwa picha za heshima, ila bado ni za mgeni aliyekuja na kuondoka. Katika miaka ya 1960 nyumba za zamani za Loudoun Square, moyo wa mtaa ule, zilibomolewa na yakasimamishwa maghorofa mawili marefu. Majirani wengi wakatawanyika. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi walipoanza, wakisaidiwa na wasomi, kutoa picha kutoka masandukuni mwao wenyewe, picha za arusi, za shule, za sikukuu, na kuzirekodi sauti za wazee wakieleza nani ni nani. Mtaa uliozoea kutazamwa ukaanza kujieleza.

Na sisi tunayo picha moja iliyotoka huko.

Mjomba wetu, kaka yake mama, alikwenda Aden kwa jahazi angali kijana, akaandikwa kazi ya kuchochea makaa katika meli ya Waingereza. Alikaa Cardiff miaka mingi. Alirejea nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1950 na sanduku la chuma, koti zito lisilofaa kwa joto letu, na picha moja. Katika picha hiyo amesimama mbele ya mlango, kushoto kwake wanaume wawili wenye kofia, kulia mwanamke wa Kizungu aliyefunga leso kichwani, na mbele yao mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, ameshika kidole cha mjomba. Nyuma yake mna mhuri wa duka la picha na neno Cardiff. Hamna jina, hamna mwaka.

Mama hutuambia kwamba kila mjomba alipoulizwa juu ya picha ile alijibu maneno mawili: "Watu wangu." Hakuongeza. Nyumbani kwetu mkubwa akishajibu hakuna wa kumsukuma. Alifariki mwaka 1974, nasi tuna umri wa miaka minne.

"Watu wangu" yaweza kuwa ni wenzake wa kazi na mwenye nyumba aliyowapangisha. Yaweza pia kuwa ni mke na mwana. Ikiwa ndivyo, basi yuko au alikuwako huko binti wa mjomba wetu, mwenye haki ya kuungwa udugu, ambaye hatujapata kumpelekea hata salamu ya Idi. Kama yu hai, amekwisha kuwa bibi.

Mwaka jana mpwa wetu anayesoma Cardiff aliibeba nakala ya picha hiyo, akaenda kukaa na wazee wa Butetown. Hakuna aliyezitambua sura. Lakini ajuza mmoja aliyevuka miaka themanini aliitwaa picha, akaisogeza karibu na dirisha, akatazama chini, miguuni mwa watu. Alikitambua kizingiti. Alisema kina mama wa mtaa ule walikisugua kizingiti kwa jiwe kila asubuhi, kila mmoja kwa namna yake, na huyu alikuwa akisugua katikati na kuacha pembe. Nyumba ilikuwa karibu na Loudoun Square, na walipanga humo mabaharia. Mpwa wetu akamuuliza: na nyumba ya pili yake alikaa nani? Hapo bibi akafunguka, akataja majirani, mwenye duka la pembeni, aliyekufa baharini, aliyehamia mitaa mipya nje ya mji nyumba zilipobomolewa. Juu ya mtoto alisema watoto walikuwa wengi na wote walikuwa wakishika vidole vya mabaharia.

Ndani ya ukoo wetu shauri hili halijatulia. Dada yetu mkubwa asema: marehemu alijisitiri, nasi tumsitiri. Twamheshimu, na twaielewa hofu yake. Lakini kuuliza jina la mtu si kumtuhumu mwingine. Wanaume wale walioa kwa nikaha, mbele ya mashahidi, na hakuna aibu ndani yake. Tena mjomba hakuificha picha ile. Aliibeba kutoka ncha nyingine ya dunia ndani ya sanduku lisilokuwa na mengi, akaiweka mahali ambapo kila aingiaye aliiona. Mwenye kutaka kusahau hafanyi hivyo.

Wasomaji wetu, mabaharia wa pwani hii hawakuwa mmoja wala wawili. Huenda katika makabati yenu mna picha ya babu mwenye koti zito, nyuma yake ukuta wa matofali usioufahamu. Mpelekeeni mzee aliyebaki, na msimuulize kwanza "huyu ni nani?", kwani swali hilo humfunga asiyekumbuka. Muulizeni habari ya mlango, ya jirani, ya chakula kilichopikwa siku hiyo. Majina hufuata nyuma yake. Kisha geuzeni picha, mwandike kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwani wino hupenya na kuharibu upande wa pili. Andikeni waliomo, kuanzia kushoto, na mwandike pia ni nani aliyewaambia na lini. Msilolijua liachieni nafasi.

Ya kwetu sasa imeandikwa hivi: "Mjomba, wa tatu kutoka kushoto. Nyumba karibu na Loudoun Square, kwa kauli ya bibi wa Butetown, kwa njia ya mpwa wetu. Mwanamke: hajajulikana. Mtoto:" na baada ya hapo tumeacha mstari mtupu.

Wabillahi taufiki.