Katika Dunia ya Terraria, Nyumba Si Kuta Peke Yake

Safari nitakayowasimulia leo sikuifanya kwa basi wala kwa garimoshi. Niliifanya nikiwa nimeketi juu ya kigoda, kando ya mwanangu wa darasa la sita, mbele ya kompyuta yetu ya nyumbani, siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Katika chumba cha pili mama yangu mzazi alikuwa amejilaza, kama ilivyokuwa desturi yake tangu tulipomleta Dar es Salaam kutoka Njombe miezi minne kabla ya hapo. Nataja habari hiyo mapema kwa sababu safari yenyewe, ijapokuwa ilianza kama mchezo wa mtoto, iliishia chumbani kwake.

Dunia tuliyoizuru inaitwa Terraria. Ni mchezo wa kompyuta uliotolewa tarehe 16 Mei, 2011 na kampuni ya Re-Logic ya Indiana, Marekani, ambayo mwanzilishi wake ni Andrew Spinks. Kufikia mwaka 2022 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 44. Mchezaji halazimishwi kufuata hadithi moja. Hupewa dunia mbichi, shoka, sururu na upanga mfupi, kisha huachwa achimbe, ajenge na apigane kadiri apendavyo. Dunia hiyo huonekana kwa ubavu, kama mkate uliokatwa kwa kisu: juu mbingu, katikati uso wa nchi, chini mapango, na chini kabisa moto wa kuzimu. Imeundwa kwa miraba midogo midogo; dunia iliyo ndogo kuliko zote ina miraba 4,200 kwa upana na 1,200 kwa kina.

MASHARTI YA NYUMBA

Mchezaji haanzi maisha peke yake. Tangu siku ya kwanza yuko naye Mwongozi, mtu wa maneno mengi ambaye kazi yake ni kushauri. Baadaye hufuata wengine, zaidi ya ishirini, wote wakiendeshwa na mchezo wenyewe. Mchuuzi huja pale mchezaji anapokuwa na sarafu 50 za fedha. Muuguzi humfuata Mchuuzi, pindi mchezaji anapokuwa amejiongezea uhai kuliko ule aliozaliwa nao. Kila mmoja ana kazi yake. Lakini hakuna ajaye kuishi iwapo hakuna nyumba iliyo wazi.

Masharti ya nyumba yanaeleweka hata kwa mtoto. Pamoja na kuta zake, isipungue miraba 60 wala isifike 750. Iwe na sakafu, dari, ukuta wa nyuma, mlango na taa. Ndani pawe na meza na kiti. Kitanda, cha ajabu, si sharti. Mchezaji akitaka kuhakikisha, huchukua alama ya kuuliza na kuigusisha chumbani, naye huambiwa papo hapo kinachopungua: taa, au kiti, au ukuta wa nyuma ulio na tundu. Kisipopungua kitu, huambiwa kwamba nyumba inafaa.

Na ni heri ifae, kwa kuwa usiku wa huko hauna huruma. Mchana ni dakika 15 za saa yetu, na usiku ni dakika 9. Jua likichwa, wakazi hurudi majumbani na wafu wanaotembea huanza kugonga milango.

Kwa miaka mingi masharti hayo yalitosha. Wachezaji wengi walizoea kujenga ghorofa moja refu, vyumba vimepangwa kama rafu za dukani, kila chumba na meza yake na kiti chake, na kuwasukumia humo wakazi wote. Ndugu msomaji uliyewahi kupanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wanane, choo kimoja na bomba moja, huhitaji kuelezwa zaidi.

NCHI NA WATU WAKE

Mambo yalibadilika tarehe 16 Mei, 2020, mchezo ulipotimiza miaka tisa. Toleo jipya, lililoitwa Journey's End, liliwapa wakazi kitu ambacho hawakuwa nacho: furaha na manung'uniko. Tangu hapo karibu kila mmoja ana nchi aipendayo na nchi asiyoipenda, jirani amtakaye na jirani asiyemtaka. Kwa hiyo ghorofa la mwanangu lilikuwa limebaki tupu, na watu wake ametawanywa dunia nzima. Tukaanza kuwatembelea.

Tuliondokea msituni, katikati ya dunia, penye nyasi na miti ya kawaida. Hapo huishi Mwongozi na Mchuuzi, kwa sababu wote wawili hupenda msitu. Mwongozi haipendi bahari, na Mchuuzi halipendi jangwa.

Kutoka hapo tulishika njia ya jangwani, mchanga mtupu na mimea ya miiba. Mwuza Silaha amelichagua jangwa. Jirani yake ni Muuguzi, na hao wawili wanapendana mno. Mwanangu alinieleza kwamba Muuguzi angependelea zaidi ule ukanda wa nuru, wenye miti ya rangi za upinde wa mvua, lakini jangwa halimchukizi. Na akiwa na mpenzi wake, hulalamika kidogo tu. Wote wawili hawaitaki theluji.

Theluji yenyewe tuliikuta upande mwingine. Humo anaishi Fundi Mitambo, mwanamke hodari wa nyaya na swichi. Mpenzi wake ni fundi wa kabila la Goblini, ambaye kwa asili hupenda kukaa chini ya ardhi. Mwanamke haupendi ukaaji wa chini ya ardhi. Mwanamume hana ugomvi na theluji. Basi wamejengewa thelujini, mlango kwa mlango. Mwanamume ameacha anachokipenda, mwanamke hakulazimishwa kuishi na asichokipenda, na kila mmoja amempata mwenzake. Nimeona baraza za usuluhishi wa ndoa zilizoshindwa kufikia uamuzi mzuri kama huo.

Ufukoni mwa bahari tulimkuta kijana Mvuvi, mtoto mwenye kiburi anayewatuma wakubwa kumvulia samaki. Kando yake anaishi Haramia, ambaye anampenda kijana huyo kupita kiasi. Msusi naye hupenda bahari, na humpenda Haramia. Lakini Haramia hamtaki Msusi. Mwanangu amemjengea Msusi nyumba mbali kidogo, apate upepo wa bahari bila kuleta fitina.

Yako pia maeneo yaliyooza, ambayo uozo wake huenea polepole kama kutu. Uozo ukiizingira nyumba vya kutosha, haikaliki tena hata ikiwa na taa kumi.

Mwisho tulifika kwa mkazi aliyenishangaza kuliko wote. Huyu ni uyoga mwenye miguu na macho, naye haishi popote isipokuwa penye uyoga unaong'aa. Tatizo ni kwamba uyoga huo kwa kawaida huota mapangoni, naye anataka nyumba iliyo juu, kwenye uso wa nchi. Wachezaji hufanyaje? Hupandisha tope kutoka chini, hulitandaza juu, hupanda mbegu za uyoga, na kusubiri mpaka pameota ukanda mzima wa buluu. Kisha hujenga nyumba katikati yake. Asipokuja mtu kwenye nchi yake, nchi yake hupelekwa kwake.

KITUFE CHA FURAHA

Furaha hiyo ina faida ya mfukoni. Mkazi aliyeridhika huuza bidhaa zake kwa bei iliyopunguzwa hadi asilimia 75 ya bei ya kawaida. Aliyechukizwa hupandisha hadi asilimia 150. Majirani wakizidi watatu ndani ya miraba 25, malalamiko ya msongamano huanza. Hali kadhalika, mkazi mwenye furaha hukubali kuuza nguzo ya usafiri ya ukanda wake. Nguzo hiyo ikisimikwa mahali penye wakazi wawili au zaidi, mchezaji huruka mara moja kutoka nguzo moja hadi nyingine. Kwa njia hiyo watu wametawanyika, lakini hawakutengana.

Nilimwuliza mwanangu: ile alama ya kuuliza, haiwezi kuonyesha kama mkazi ana furaha?

"Hapana, baba," alijibu. "Ile inapima nyumba tu. Furaha mpaka umwendee mwenyewe umwulize." Akamgusa Mchuuzi, na hapo nikaona kitufe kilichoandikwa neno la furaha. Ukikibonyeza, mkazi husema kwa maneno yake kinachompendeza na kinachomkera.

Nilinyamaza kidogo. Chumba cha mama nilikipaka rangi mwenyewe. Nilinunua kitanda kipya, godoro, meza ndogo, kiti cha mikono na taa. Nilikuwa nimewaeleza ndugu zangu kwa simu kwamba mama amepata kila kitu. Naye alikuwa akila kidogo kila wiki kuliko wiki iliyopita, nasi tukasema ni joto la Dar es Salaam, atazoea. Katika miezi minne hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Jioni ile nilikaa miguuni pake nikamwuliza. Alianza, kama wazee wetu walivyo, kwa kushukuru. "Chumba ni kizuri, mwanangu. Mungu awabariki." Nikamwuliza tena. Ndipo akasema kwamba dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, hajui kumekucha mpaka asikie vyombo jikoni. Kwamba tangu afike hajapata mtu wa kuzungumza naye Kibena. Kwamba mikono yake haijashika udongo, na mtu ambaye mikono yake haishiki udongo hujiona mgeni wa kungoja chakula.

Joto hakulitaja kabisa.

Hatukuweza kuileta Njombe Dar es Salaam, na baridi yake na ukungu wake. Lakini tulipandisha tope kidogo. Watoto wamehamia chumba kile cha dirisha la ukutani, naye amepewa chao, kinachofunguka uani. Hapo ukutani amejaza udongo katika ndoo kuukuu na kupanda mboga. Kila alfajiri namsikia akizinyeshea. Mke wangu alimpata kwa kuuliza-uliza sokoni mama mmoja mtu mzima, Mbena, anayeuza viazi, na sasa huja kumtembelea siku za Jumapili. Kicheko chao hufika barabarani.

Na kuhusu ile nguzo ya usafiri, yetu ni basi, safari ya siku nzima. Mwezi wa Novemba mvua zikianza kule juu, mama atakwenda kupanda mahindi yake. Amekwisha kumwambia mjukuu wake kwamba atarudi baada ya palizi, na mboga zisiachwe zikauke.