Kii ya Msumeno

Kitu kidogo hudharauliwa mpaka siku kinapokosekana. Nataka nikusimulie, msomaji, habari za kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, ambacho kilisimamisha kazi iliyokuwa ikinilipia karo.

Mjomba wangu alipata riziki yake kwa kuangusha na kupasua miti kwa msumeno wa injini. Asubuhi moja msumeno ulikataa kuwaka. Kila alipovuta kamba, injini ilimnyang'anya kwa nguvu, ikakohoa, ikanyamaza. Tulifungua plagi, tukaona cheche. Petroli ilikuwamo. Jirani mmoja akasema injini imekufa, heri iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mjomba hakukubali. Alinieleza kwamba cheche peke yake haitoshi. Sharti ije kwa wakati wake, punde kabla pistoni haijafika juu kabisa. Wakati huo hupangwa na flaiwili, yaani gurudumu lenye sumaku ambayo hupita mbele ya koili na kuzaa umeme. Gurudumu hilo huvikwa kwenye ncha ya kranki, na kipande kidogo kiitwacho kii hulionyesha mahali pake. Kii ikikatika, gurudumu huteleza, na cheche huja mapema mno au huchelewa.

Alitia kamba laini katika tundu la plagi ili kuizuia pistoni, akafungua nati, akaling'oa gurudumu taratibu kwa kifaa chake. Kii ilikuwa vipande viwili. Jirani akashauri, "Tia kipande cha msumari, kitadumu zaidi." Mjomba akatikisa kichwa. Kii, alisema, haikuwekwa ibebe nguvu, bali ionyeshe mahali. Kinachoshika gurudumu ni ncha ya kranki, iliyochongwa umbo la pia, ikibanwa barabara na nati. Nati ilikuwa imelegea, na kii ikabebeshwa mzigo usio wake.

Basi alifuta mafuta yote katika ncha na katika tundu la gurudumu, akatia kii mpya ya aina ileile, akakaza nati kwa kipimo cha mtengenezaji, akaacha nafasi ya milimita 0.3 hivi baina ya gurudumu na koili. Alipovuta kamba mara ya tatu, injini iliwaka.

Kijana, ukikuta chombo kimeharibika, usitosheke kujua kilichovunjika, uliza kilichokivunja. Abadiliye kii na kuiacha nati imelegea hajatengeneza kitu, ameahirisha hasara tu. Na ukimwona mdogo ameelemewa na kazi, tazama kwanza kama mkubwa aliyepaswa kuibeba hajalegea.