Plutoniamu, Mahindi na Fomu ya Ijumaa

Wiki hii sina stori ya mbio. Ama tuseme inaanza na mbio, halafu inapotea njia.

Binamu yangu ni mkimbiaji. Si jina kubwa, ni wale wa kuweka kasi, wanaokimbia mbele kilomita thelathini hivi halafu wanatoka kando na kuwaachia wengine sifa. Mwaka jana alipelekwa Chicago. Siku moja baada ya mbio, Mkenya aliyekuwa amemkaribisha akamtembeza upande wa chuo kikuu, na hapo akanitumia picha: yeye na jaketi yake ya kambi, amesimama kando ya dude kubwa la shaba nyeusi lenye kichwa cha mviringo kama fuvu. Chini ameandika, "Buda, hii ni kichwa ya nani?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nililijua hilo dude. Ni sanamu ya Henry Moore. Imewekwa mahali ambapo tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la uwanja wa michezo, wanasayansi waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia duniani. Na miezi mitatu kabla ya hapo, kwenye chumba kidogo cha maabara katika chuo hichohicho, plutoniamu ilipimwa uzito kwa mara ya kwanza. Ilikuwa oksidi yake, maikrogramu 2.77. Punje moja ya chumvi ya meza ni nzito kuliko hiyo.

Sasa fikiria. Hapa Eldoret, hata mtoto wa darasa la tatu anajua Chicago ni nini. Ni pale marehemu Kelvin Kiptum alipovunja rekodi ya dunia mwaka 2023, saa mbili na sekunde 35. Tunajua hali ya hewa yao ya Oktoba kuliko tunavyojua ya Turkana. Lakini ile Chicago nyingine, ya chumba cha maabara na mzani mdogo, hakuna mtu alishawahi kutuambia.

Mimi nilikutana nayo kwa bahati. Kwenye maabara yetu ya sekondari kulikuwa na jedwali la elementi ukutani, na zile safu mbili za chini zilikuwa zimezibwa na kabati. Siku moja nikauliza huko nyuma kuna nini. Jibu lilikuwa, "Hiyo haitokei kwa mtihani." Mwalimu hakukosea. Silabasi ilitutaka tujue elementi ishirini za kwanza, basi. Lakini ukiniambia kitu hakitokei kwa mtihani, umenimaliza. Jioni hiyo nilichungulia nyuma ya kabati na tochi ya simu. Thoriamu 90. Uraniamu 92. Plutoniamu 94. Familia nzima inaitwa aktinidi, kumi na tano kwa jumla.

Tangu hapo nimekuwa nikichoma bando usiku nikiwasoma hawa watu. Wana kongamano lao linaloitwa Plutonium Futures, linalohama kutoka mji hadi mji: Cambridge 2012, Baden-Baden 2016, San Diego 2018. Siku kadhaa za kuongea kuhusu metali moja tu! Halafu ukisoma unawaelewa, kwa sababu hii metali ni kichaa. Ukiipasha moto hadi iyeyuke, inabadilisha mpangilio wake wa ndani mara tano, yaani ina maumbo sita kabla haijawa uji. Kuna mahali inapata joto na badala ya kupanuka kama chuma cha kawaida, inajikunja.

Ile aina iliyotumika Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, ile 239, inachukua miaka 24,100 hivi kupungua hadi nusu. Ndugu yake 238 ndiye anayevipa umeme vyombo vya Voyager vilivyorushwa angani mwaka 1977.

Lakini kilichonishika si bomu wala anga. Ni maji. Kwenye hayo makongamano kuna watu ambao kazi yao ni kuuliza: plutoniamu ikiingia ardhini, inaenda wapi? Kwa muda mrefu wengi waliamini inashika udongo na kutulia. Halafu mwaka 1999 watafiti wakachapisha habari kutoka Nevada, pale Marekani ilipolipua mabomu ya majaribio chini ya ardhi. Plutoniamu ya mlipuko wa 1968 ilikuwa imesafiri kilomita 1.3 ndani ya maji ya chini. Haikuwa imeyeyuka majini. Ilidandia vumbi dogo mno linaloelea kwenye maji, kama msee aliyedandia lori la mahindi.

Nilipoisoma hiyo, kichwa changu kilienda Kilifi moja kwa moja. Mnakumbuka Uyombo? Mei 2024 watu waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwao, na polisi wakawakabili. Wavuvi na akina mama walikuwa wanauliza kitu kimoja, taka zitaenda wapi na bahari itakuwaje. Agosti ya mwaka huohuo kukawa na kongamano la Marekani na Afrika kuhusu nishati ya nyuklia, Nairobi, na suti nyingi.

Mimi sisemi Uyombo walikuwa sahihi ama serikali ilikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba swali la mama wa Uyombo ndilo lilelile linalojadiliwa Baden-Baden. Mafuta ya kinu yakishatumika, karibu asilimia moja yake huwa ni plutoniamu. Sasa nani atamwelezea, kwa Kiswahili, bila kumdharau na bila kumdanganya? Atangoja mgeni aje na mkalimani?

Na isitoshe, hii si habari ya wageni. Sehemu kubwa ya uraniamu ya ule mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi kwenye migodi ya Katanga. Yaani kabla ya maprofesa kuibeba hiyo kitu na glavu, kuna watu walikuwa wanaibeba kwa mikono wakisemezana "leta hapa, weka pale." Majina yao siyajui. Ya maprofesa nayajua yote, na hiyo inanikera kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Gabon nayo, pale Oklo, mwaka 1972 iligunduliwa kwamba ardhi yenyewe iliwahi kuwasha kinu, karibu miaka bilioni mbili iliyopita, bila mtu. Kilitengeneza plutoniamu yake, na sehemu kubwa ilikaa palepale hadi ikaisha. Wanaosaka mahali pa kuzika taka wanalisoma hilo jiwe la Gabon kama sisi tunavyosoma karatasi za mtihani za miaka iliyopita.

Kwetu kuna Mrima, Kwale, kilima chenye thoriamu. Hapa lazima nikiri. Kwenye video yangu ya kwanza nilisema thoriamu ya Mrima "inaweza kutengeneza bomu kesho." Uongo mtupu. Thoriamu lazima imeze nyutroni kwanza igeuke uraniamu 233, na hiyo ni safari. Dada mmoja wa Kwale alinirekebisha kwa upole unaouma: "Ndugu yangu, Mrima ni kaya, wazee wetu wanaomba pale. Kabla hujatutia hofu, soma." Video niliitoa. Nikasoma.

Sasa fomu.

Niko mwaka wa kwanza, kemia. Baba alipoiona barua ya kuitwa chuoni alifurahi sana, akawaambia majirani wote kwamba nitafungua kemisti. Mimi, mjinga, nilinyamaza. Mwezi uliopita ndipo alipojua kemia si ya kuuza Panadol. Hakugombana. Alienda akauliza watu, akarudi na habari kwamba mtu anaweza kuhamia famasia, fomu mwisho ni Ijumaa. Karo ni kubwa zaidi. Amesema atauza mahindi yote ya msimu na ng'ombe wawili. Tuko na ng'ombe watatu.

Jumapili jioni nilimweka chini nikamweleza. Nilimwonyesha picha ya binamu na lile fuvu. Nikamweleza Shinkolobwe, Nevada, Uyombo, kila kitu, nikitumia gunia na jagi la maji kama mwalimu wa nasari. Nilijua ataniuliza mshahara. Yeye aliangalia lile jagi kwa muda mrefu.

"Hiyo kitu ikishaingia kwa maji," akasema, "mtu anaweza kuitoa?"

"Inategemea na udongo, Baba. Na maji yenyewe."

"Kama hapa kwetu?"

"Sijui."

"Kwa hiyo hujui."

"Bado."

Akachukua fomu, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mkebe wa sukari, akatoka kwenda kufungia ng'ombe. Leo ni Jumatano. Bado iko hapo.