Kengeleni, ng'ambo ya Daraja la Nyali

Ukitoka Kisiwani Mombasa kwa matatu ya Bamburi au Mtwapa, ukishavuka Daraja la Nyali, utamsikia utingo akiita: "Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?" Abiria wengi hushuka wakakimbilia shughuli zao bila kuitazama kengele yenyewe, nayo ipo pale pale kwenye njia panda, imening'inizwa kwenye nguzo zake. Wageni ndio kabisa. Wao hutoka Fort Jesus wakanyoosha moja kwa moja hadi ufukweni. Kwa maoni yangu, wanaikosa sehemu yenye hadithi nzito kuliko ngome ya Wareno.

Hapa ndipo Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS. Mnamo 1873 Sir Bartle Frere, aliyekipa kijiji jina lake, alifika Zanzibar akiwa mjumbe wa Uingereza kumshinikiza Sultan Barghash afunge biashara ya watumwa, na mwaka huo huo mkataba ukatiwa saini. Manowari za Uingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi baharini, lakini watu waliookolewa wapelekwe wapi? Kwao kulikuwa mbali, bara huko kwa Wayao, Wanyasa na Wamakua, na njia ya kurudi ilijaa wawindaji wa watumwa wale wale. Kasisi William Salter Price, aliyewahi kulea Waafrika waliokombolewa huko Nasik, India, akafika Mombasa mwishoni mwa 1874. Ardhi ikanunuliwa Kisauni, mkabala na kisiwa. Zikajengwa nyumba, shule na kanisa, na mashamba yakalimwa.

Kazi hasa, hata hivyo, ilibebwa na Wabombay, yaani Waafrika wenzao waliorudi kutoka India wakiwa na ufundi, elimu na lugha. Mmoja wao, William Jones, alipewa ushemasi hapa mwaka 1885 pamoja na Ishmael Semler, kisha akafuatana na Askofu Hannington kwenye safari ya Buganda. Askofu aliuawa Busoga, Jones akawarudisha waliosalia hadi pwani. Mtu wa namna hiyo alistahili barabara yenye jina lake.

Usidhani palikuwa peponi. Mabwana wa watumwa wa Mombasa walikasirika kuona watoro wao wakipata hifadhi misheni, wakatishia kukivamia kijiji. Wenyeji husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwaita watu kila hatari ilipokaribia. Na ndani ya misheni kwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi mmoja Mwingereza alilaumiwa kwa kuwachapa watu viboko, malalamiko yakafika hadi London. Aliyeponea chupuchupu mikononi mwa tajiri wa watumwa akaukuta mjeledi mwingine kwa mfadhili wake! Historia ya hisani isiyotaja hayo ni matangazo tu.

Ukiwa na nusu siku zaidi, panda Rabai, kiasi cha kilomita 25 hivi kutoka mjini. Mmisionari Krapf alifungua misheni huko mwaka 1846 pamoja na mwenzake Rebmann, baada ya kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande huu wa Nyali mwaka 1844. Rabai nako kulijaa watoro, na Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana fidia. Waliotumikishwa hawakulipwa chochote.

Frere Town haikuishia kwenye mawe. Chuo cha makasisi kilichoanzishwa hapa mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. James Mbotela, mzawa wa kijiji hiki, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, akiwasimulia wazee wake kwa Kiswahili kitamu. Katika ukoo huo huo akatoka Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake redioni iliwauliza Wakenya kwa miongo kadhaa: "Je, huu ni ungwana?" Swali hilo lilifaa kuulizwa na mzawa wa Frere Town kuliko na mtu mwingine yeyote.

Basi siku utakapopita, mwambie utingo akushushe Kengeleni. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, angalia magari unapovuka, na kitafute kwanza kitabu cha James Mbotela ukisome.