Mashua, Waya na Sauti za Wazee

Yamkini wapo wasomaji watakaostaajabu kumwona mwalimu wa lugha akiandika habari za kasi ya mitambo. Lakini jambo hili lilinifika mlangoni, nami sikuwa na budi kujifunza, kwani kilichokuwa hatarini ni lugha yenyewe.

Kijana mmoja niliyepata kumfundisha, mwenyeji wa kisiwa cha Darakasi, alinasa kwa mwaka mzima masimulizi ya wazee wake kwa Kibajuni: uvuvi, harusi, majina ya pepo na ya miamba. Jumla yake ilikuwa saa 40. Tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi wamehamia Kenya na ng'ambo, na kila mzee afaye huondoka na maneno yake. Wasimulizi wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Sauti zao zilikuwamo katika diski moja kuukuu kisiwani, nami nilikuwa Kisimayu. Je, ziletwe kwa mtandao wa simu au kwa mashua?

Rafiki mmoja alinishauri tuzifinye sauti zipungue ukubwa. Nilikataa. Ufinyaji wa namna hiyo hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizihisi, na huenda mchunguzi wa lahaja akazihitaji hizo hizo. Mbajuni husema *chano* pale wengine wasemapo *tano*. Atakayeichunguza *ch* hiyo miaka 50 ijayo atataka kuisikia kamili.

Basi nikashika kalamu. Sauti isiyofinywa hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Hizo ni biti 705,600 kwa sekunde. Saa 40 zikawa zaidi ya biti bilioni 101, yaani baiti bilioni 12.7, maana baiti moja ni biti 8. Hapa ndipo wengi tunapopotea: kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, na ukubwa wa diski hutajwa kwa baiti. Herufi chache zimetofautiana, na hesabu imekosewa mara nane.

Kwa kasi ya awali ya simu za kizazi cha tatu, biti 384,000 kwa sekunde, mzigo huo ungechukua saa 73 na nusu pasipo kukatika. Mashua, nilikadiria, ingechukua saa 6. Ukigawanya biti zote kwa muda huo, mashua inapeleka biti milioni 4.7 kila sekunde, zaidi ya mara 12 ya simu. Tena diski ingalibeba mara kumi ya hayo, mashua isingalichelewa hata dakika moja. Nikafurahi, nikaagiza diski iletwe.

Nahodha alinikabidhi diski ikiwa imefungwa kwa nailoni ndani ya kopo la maziwa. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, na lau tungalipinduka?" Sikuwa na jibu. Mtandao huvunja mzigo vipande vidogo, hukagua kila kipande, na kilichopotea hutumwa tena. Mashua hufikisha vyote au hupoteza vyote. Nami nilikuwa nimeiruhusu nakala ya pekee ivuke bahari.

Hata nchi kavu hesabu yangu ilipwaya. Diski ile ilikuwa na kiunganishi cha USB cha toleo la mwaka 2000, ambacho kwa maandishi hupitisha biti milioni 480 kwa sekunde: dakika 3 na nusu zingetosha. Lakini kompyuta niliyoazima ilikuwa na tundu la toleo la kabla yake, la biti milioni 12. Hata kwa kasi yake kamili zingehitajika saa 2 na dakika 21. Sisi tulikesha karibu saa 4, diski ikilia kama mende ukutani, nami nikihofu umeme usikatike. Waya wa kawaida wa mtandao wa ofisini, wa biti milioni 100, ungeweza kupitisha mzigo ule ule kwa dakika 17. Kumbe diski iliyo mkononi si lazima iushinde mtandao. Kasi ya safari nzima huamuliwa na kiungo kilicho kizito kuliko vyote.

Wala tusidhani mtandao hauna bahari yake. Mwezi Juni 2017, nanga ya meli ilikata waya wa chini ya bahari unaohudumia Mogadishu, na sehemu za kusini na kati ya Somalia zikakosa intaneti kwa zaidi ya wiki 3. Mashua ziliendelea kusafiri.

Sasa tumejiwekea kanuni: nakala moja hubaki kisiwani, nyingine hupanda mashua, na orodha ya mafaili hutangulia kwa simu ili nihakikishe kila kilichofika. Ndugu walimu wenye kanda na diski za zamani, tafadhali zihamisheni wakati ambapo matundu yake yangali yanapatikana.

Alfajiri ile, faili la kwanza lilipofunguka, mzee aliyekwisha kufariki alikuwa akitaja majina ya pepo, moja baada ya moja, pasipo haraka. Nimeanza kuyaandika. Kazi hiyo huenda kwa kasi ya mkono wangu tu, na mpaka leo nimemaliza saa 3 kati ya 40.