Kisu na Mwenye Kisu

Kuna msemo ambao kila mwanafunzi wa sayansi huusikia mapema, na pengine huukariri kabla ya kuupima: kwamba maarifa ni kama kisu, mtu aweza kukatia nyama ya watoto wake, na aweza kumchoma jirani yake, na kisu chenyewe hakina lawama. Nimeusikia katika vyumba vya maabara, katika midahalo ya shule, na hata katika vinywa vya wazee wenye mvi ambao nilitazamia waseme jambo zito zaidi. Mimi nauona kuwa ni nusu ya kweli. Kisu hakina lawama, maana hakina moyo. Lakini msemo huu hauulizi habari za mhunzi, wala za yule aliyekinoa huku akijua kinakwenda wapi. Nakuomba, msomaji, tuziulize habari hizo kwa kumtazama mtu mmoja aliyeishi kweli.

Nilizaliwa katika nyumba ya wakulima wa mahindi. Mbolea ya kukuzia, zile chembe nyeupe zitiwazo shinani mwa mahindi yafikapo magotini, niliijua kwa vidole kabla sijaijua kwa kitabu. Sikujua siku zile kuwa nilichokuwa nikikimwaga kilianza kama hewa. Hewa tuivutayo, karibu sehemu nne kwa tano ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuila hivyo ilivyo. Waweza kufa njaa katikati ya karamu. Mwaka wa 1909 mwanakemia wa Kijerumani, Fritz Haber, alionyesha mjini Karlsruhe jinsi ya kuilazimisha naitrojeni iungane na haidrojeni, kwa joto kali na kanieneo kubwa, ikawa amonia. Mwenzake Carl Bosch akaitoa kazi hiyo katika chupa za maabara akaipeleka kiwandani, na mwaka wa 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza. Hukadiriwa kuwa karibu nusu ya watu walio duniani leo hula chakula kilichooteshwa kwa msaada wa ugunduzi huo. Sijui mtu mwingine wa karne ile aliyetia ugali mwingi zaidi katika sahani za watu asiowajua.

Basi msomaji hutazamia nimsifu, nami namsifu. Walakini vita vilipozuka mwaka wa 1914, mtu huyo huyo aliitoa akili yake kwa jeshi la nchi yake, wala hakusubiri kusukumwa. Yeye ndiye aliyeshauri kuwa gesi ya klorini, ambayo viwanda vya rangi vilikuwa nayo kwa wingi, ifunguliwe upepo ukielekea kwa adui. Alikwenda mwenyewe kwenye mahandaki, akasimamia kuzikwa kwa mitungi, akangoja upepo. Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, mitungi ipatayo 6,000 ilifunguliwa, na zaidi ya tani 150 za klorini zikatambaa juu ya nchi kama ukungu wa kijani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hutafuta mashimo, na askari ndiko walikojificha. Waliokuwa upande wa pili walikuwa askari wa Ufaransa, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Algeria, waliotoka Afrika kwenda kufa kwa kukosa pumzi katika ugomvi ambao hawakuuanzisha.

Sasa kisu ki wapi? Hapa hakuna mwizi aliyeingia usiku akaiba maarifa ya mtaalamu. Mwenye kugundua, mwenye kunoa na mwenye kushauri walikuwa mtu mmoja. Haber alijitetea kuwa kifo ni kifo, kije kwa risasi au kwa gesi, na kwamba wakati wa amani mtaalamu ni wa dunia nzima, bali wakati wa vita ni wa nchi yake. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuichekelea. Mtu aipendaye nchi yake huihisi. Lakini Max Born, naye mwanasayansi wa Kijerumani wa zama zile zile, alikataa kujiunga na kazi ya gesi. Nchi ilikuwa moja na vita vilikuwa vimoja. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili, na kila mmoja alichagua yake.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Baada ya vita, mnamo miaka ya 1920, wanakemia wa taasisi aliyoiongoza Haber huko Berlin walishughulika na sumu ya kuulia wadudu katika maghala na vinu. Katika kazi hiyo ndimo ilimochipuka dawa iliyokuja kuitwa Zyklon B. Kwa kuwa sumu yenyewe ni hatari mno kwa binadamu, ilitiwa kitu cha kuwasha macho na pua, ili mtu aonywe akimbie. Haber alikufa mwaka wa 1934 mjini Basel, baada ya kuondoka Ujerumani ya Hitler, maana yeye mwenyewe alizaliwa Myahudi. Miaka michache baadaye dawa ile ilitumiwa katika kambi ya Auschwitz kuua watu, wengi wao Wayahudi, na baadhi ya jamaa zake Haber waliangamia katika maangamizi hayo. Hilo siwezi kumbebesha yeye kama ninavyombebesha Ypres. Hakulijua, wala hakulitaka.

Lakini wako waliolijua. Baadhi ya sumu iliyopelekwa kambini ilitengenezwa bila kile kitu cha kuonya. Fikiri, mwanafunzi: sumu ya chawa isiyomwonya binadamu yamwinda nani? Aliyeandika agizo hilo alikuwa na jibu, na aliyelipokea kiwandani alikuwa na swali mbele ya macho yake. Mwezi wa Machi 1946, mahakama ya kijeshi ya Waingereza mjini Hamburg iliwahukumu kifo mfanyabiashara Bruno Tesch na msaidizi wake mkuu, kwa kuuza gesi hiyo wakijua kazi yake. Fundi wao, aliyeshtakiwa pamoja nao, aliachiliwa. Haikuthibitika kuwa alikuwa na uwezo wa kuizuia biashara. Naona mahakama ile ilipima vizuri kuliko msemo wa kisu: iliuliza nani alijua, na nani aliweza kuzuia.

Wengi wenu mtaingia katika maabara, na wengine mtaunda mashine zenye kukumbuka nyuso za watu mamilioni. Mtapokea maagizo, na agizo mara nyingi husema lenyewe linakokwenda, mtu akilisoma mpaka mwisho.

Kuna mtu mmoja sijamtaja. Mkewe Haber, Clara Immerwahr, alikuwa mwanakemia naye. Mwaka wa 1900 alipata shahada ya udaktari mjini Breslau, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa chuo kile katika kemia. Ndoa ilimtoa maabara. Waliomjua walisimulia kuwa kazi ya gesi ilimchukiza. Tarehe 2 Mei 1915, siku kumi baada ya Ypres, alijitoa uhai nyumbani kwao, akamwacha mwana asiyetimiza miaka 13. Mumewe hakukawia kuondoka kwenda kwenye uwanja wa vita wa mashariki, ambako gesi ilikuwa ikitayarishwa dhidi ya Warusi. Kabla ya kufa kwake aliomba azikwe pamoja naye, na majivu ya Clara yakachukuliwa kutoka Berlin hadi Basel, yakawekwa katika kaburi moja na yake.