Tuliisingizia salfa

Inakaribia miongo miwili sasa. Mwaka 2010 nilikuwa nimepanga chumba Chuno, hapa Mtwara mjini, na mbuzi wangu wote walikuwa kwa shangazi, Tandahimba. Mwezi wa saba nikapata vijisenti, nikanunua jike mmoja kwa jamaa aliyeteremsha mbuzi wa gari kutoka mnada wa Pugu. Alikuwa mnene, ila macho yana tongotongo. Vumbi la safari, nikajisemea. Kesho yake nikampandisha basi; jioni alilala zizini na wenzake.

Wiki mbili hazijaisha shangazi akapiga simu. "Mwanangu, njoo. Mbuzi wanatupa mimba."

Nilikuta watatu wameshatupa. Kijusi kimoja kilikuwa bado chini ya mwembe, kwato zake laini na nyeupe kama nyama ya dafu. Nilikiokota kwa mikono mitupu, nikakifukia. Waliobaki kamasi zimewagandia puani, fizi zina vidonda, na ukiwafungua mdomo harufu inakurudisha nyuma. Walikuwa wakiharisha hadi miguu imelowa.

Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho. Salfa ya jirani ilikuwa imetua, njano, hadi kwenye majani waliyokula mbuzi. Nani angetafuta sababu nyingine? Shangazi akamwendea na maneno mazito, nami nyuma yake naongezea. Mzee yule akasema, "Salfa napuliza miaka yote. Mbona mwaka jana hawakutupa?" Hatukuwa na jibu, tukapandisha sauti.

Afisa mifugo alipofika hakuuliza habari za salfa. Aliuliza, "Mbuzi mgeni ni yupi?" Shangazi akanitazama, asiseme neno.

Ilikuwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Kirusi chake hupita kwa pumzi na kamasi, mbuzi kwa mbuzi. Nchini kilithibitishwa 2008, kaskazini; kusini, watafiti waliandika baadaye, kiliingia Februari 2009 na mbuzi walionunuliwa Pugu wakapelekwa kijiji cha Likuna, Newala. Dawa ya kukiua hakuna. Tulichoma sindano za kuzuia nimonia tu, basi.

Kisha afisa akauliza nani alizika vijusi. Sotoka haimpati mtu, alisema, lakini ulijuaje kuwa ni sotoka? Homa ya Bonde la Ufa nayo huwatupisha mimba ng'ombe, kondoo na mbuzi, na 2007 iliua watu zaidi ya 140 nchini. Nikanawa kwa sabuni ya kufulia, siku ya tatu tangu nizike. Kichekesho.

Kati ya mbuzi 19 walibaki 5, na yule jike wa Pugu akiwamo. Mwaka uliofuata akazaa pacha. Siku hizi shangazi huwachanja. Sindano moja hukinga kama miaka mitatu. Jirani alifariki 2016. Shangazi alipeleka sukari na mchele msibani, mimi sikwenda. Hatukuwahi kumwomba radhi.